Doa la Rangi ya Chai

Tss.

Hiyo ndiyo sauti ninayoisikia mpaka leo nikiwa nimetulia. Tone moja la maji linatoka kwenye ncha ya kidole changu na kuangukia uso wa pasi ya makaa iliyoinamishwa kidogo, basi. Mama Yunia alinifundisha kulisikiliza tone hilo kabla hajaniruhusu kugusa hata kitambaa cha mkono. Tone likilala pale na kunung'unika polepole, pasi bado ni baridi, piga nayo nailoni na mambo yote ya plastiki. Likisema tss fupi na kupotea, hiyo ni ya sufu, lakini tandika kitambaa chenye maji katikati. Likisema pap! kama punje ya bisi, hiyo ni ya pamba. Na likiteleza likakimbia kama kishanga bila kusema neno, weka pasi chini utoke nje upunge hewa, kwa sababu moto ukinyamaza ndio umekuwa mbaya. "Sikio kwanza, nyar Kosele," alikuwa akiniambia. Nyar Kosele, yaani binti wa Kosele, ndilo jina alilonipa siku ya kwanza, na sidhani alijua jina langu lingine mpaka mwezi wa tatu. "Macho yanadanganywa na rangi. Sikio halidanganywi."

Siku hizi nina pasi ya stima yenye kidude cha kuzungusha, na nukta tatu zinanieleza kila kitu bila kelele. Nina kibanda changu hapa Homa Bay, nafua, napiga pasi, narekebisha nguo, na mbele nimeweka dirisha la kioo na sanamu ya kuvalisha nguo ambayo haina mkono mmoja. Nimemtupia shali begani, wateja wengi hawajagundua. Jumamosi iliyopita asubuhi nilikuwa nimemvua huyo mwanamke wangu ili nimfute vumbi, ndipo nikasikia fimbo ikigonga sakafu ya mlangoni. Alikuwa Dani Rosbela. Dani ni nyanya kwa Kijaluo, na huyu si nyanya yangu, ila hapa kila mtu anamwita hivyo. Ameinama sasa, na miwani yake imefungwa kwa uzi. Alikuwa na kitu kifuani, kimefungwa kwa khanga. Sikuhitaji akifungue. Nilijua ni nini nikiwa bado nimemshika yule sanamu kiunoni. Ni gauni la ubatizo, jeupe, la pamba tupu. Miaka kumi na mmoja iliyopita nililiunguza, nikamficha mwenye gauni, kisha nikamdanganya Mama Yunia kwamba nimemwambia.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, niliacha shule kidato cha pili, na nilikuwa na furaha ambayo sasa nikiikumbuka naona haya. Nilikuwa nimetoka Kosele kuja Migori mjini nikiamini kwamba baada ya miezi miwili hivi nitakuwa na duka. Badala yake nilipata kazi kwenye chumba cha Mama Yunia, cha kufua na kupiga pasi. Kilikuwa cha mabati, ubavuni mwa kinu cha kusagia mahindi, kwa hiyo mchana kutwa sakafu ilitetemeka na nguo nyeusi ilibidi zifunikwe zisipate unga. Katikati kulikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi mbili na shuka, kwenye pembe kulikuwa na jiko la makaa, na ukutani kulining'inia kalenda ya kanisa ambayo kila Ijumaa ilikuwa imezungushiwa kalamu. Ukuta wa pili tulishirikiana na saluni ya Achieng', na kwa kuwa ulikuwa wa mabati tu, tulijua habari za ndoa zote za mtaa ule. "Usiniambie amerudi kwake!" tunasikia. "Amerudi, na sufuria zake!" Mimi pasi inasimama hewani. Mama Yunia anakohoa. Pasi inatembea tena. Halafu baada ya dakika mbili ni yeye mwenyewe anagonga ukuta na kifundo cha kidole: "Achieng', sufuria ngapi?"

Alikuwa Msabato wa kweli, mwembamba, mpole, na mcheshi bila kucheka. Stima ilikuwa ikipotea kila mara, naye hakuiamini hata ilipokuwepo, kwa hiyo tulifanya kazi na pasi mbili za makaa, moja juu ya meza, nyingine ikipashwa. Kabla ya kupokea nguo asiyoijua alinyofoa uzi mmoja kwenye upindo, akaushika kwa kibanio cha nywele alichokopa kwa Achieng', akauwasha kwa kiberiti. Mimi niliona uchawi. Uzi wa pamba unawaka mara moja, moto wa njano, harufu ya karatasi, na majivu yake ni mepesi hata ukipumua yanaondoka. Sufu haitaki kuwaka. Inajikunja, inanuka nywele, na ukiitoa kwenye moto inajizima yenyewe, inaacha kidonge cheusi kinachosagika. Plastiki inayeyuka, inadondoka, ikipoa inakuwa ushanga mgumu. Siku moja mwalimu wa Uriri, mwimba besi, alileta suti akasema, "Pole pole na hiyo, mama. Ni sufu tupu, imetoka ng'ambo." Mama Yunia akawasha uzi wake nyuma ya mlango. Ukadondoka ushanga, tik. Akarudi na uso wa ibada. "Sufu nzuri sana, mwalimu." Mwalimu alipotokomea akanigeukia: "Huyo kondoo alikuwa analishwa mitungi ya plastiki." Nilicheka mpaka Achieng' akagonga ukuta kuuliza.

Na alinieleza mambo ambayo hakuna mwalimu wangu aliyewahi kunieleza hivyo. "Pamba ni mmea, nyathina," alisema, akimaanisha mtoto wangu. "Hata ikishonwa bado inashika maji kidogo ndani. Joto la kiasi linachukua hayo maji, nyuzi inalala, makunjo inaisha. Joto likizidi, uzi wenyewe unaanza kukatika ndani, vipande vipande, huwezi kuona. Kitu utaona ni rangi." Na rangi alizipima kwa vitu vya jikoni. Rangi ya uji, jua litaitoa. Rangi ya chai ya maziwa, piga magoti. Rangi ya turungi, ile chai isiyo na maziwa, tafuta kiraka, kwa sababu hapo hakuna nguo tena, kuna picha ya nguo.

Baadaye niliiona hiyo picha ya nguo kwa macho yangu, na haikuwa kwenye meza ya pasi, ilikuwa kwenye chakula. Sabato ikiingia jua likizama, Mama Yunia hakuwasha moto wala hakugusa kazi mpaka jua lizame tena Jumamosi. Kwa hiyo Ijumaa alichemsha nyoyo, mahindi na maharagwe, sufuria ikiwa bado inatokota akaitumbukiza kwenye kikapu kikubwa kilichotandikwa blanketi kuukuu la sufu, akaifunika kwa pembe za blanketi, akakalisha mto juu. Kesho yake akitoka kanisani nyoyo ilikuwa bado moto, laini kama siagi. Sijala tena nyoyo tamu vile. Siku moja nikalikung'uta lile blanketi nje, na mahali ambapo sufuria hukaa kidole changu kikapita. Hapakuwahi kuungua pale, hata siku moja. Palikuwa pamegeuka rangi ya asali, duara kamili, na nyuzi zilimegeka kama mkate uliokauka. "Yaye, mama, nimeharibu!" nikapiga kelele. Akaja akatazama. "Hujaharibu. Ni Sabato zote hizo. Moto mdogo, kila wiki, miaka yote. Unakula pole pole tu." Akaligeuza blanketi upande mwingine, akaendelea kuchambua mboga. Mimi nilibaki nimelishika nikijiuliza ni vitu vingapi vinaliwa hivyo bila mtu kupiga kelele.

Dani Rosbela alikuja wiki hiyohiyo. Alikuwa Migori kumtembelea binti yake, na alikuwa amesikia habari za mikono ya Mama Yunia. Alifungua khanga yake juu ya meza yetu, na hata kinu cha jirani nadhani kilinyamaza. Gauni lenyewe lilikuwa dogo, la kumfika mtoto mchanga miguuni na kupita kidogo, upindo mpana kuliko kawaida, mikono yenye mkunjo mwembamba kama masikio. "Hii gauni alishona marehemu mzee wangu," alisema. "Pamba ya huku huku, wakati watu bado wanalima pamba. Watoto wangu wote wamebatizwa nayo, na wajukuu. Jumapili hii ni kajukuu kangu kadogo, pale Homa Bay. Imekaa kwa sanduku ya bati, imekuwa na makunjo kama mimi." Mama Yunia hakunyofoa uzi. Alinusa tu, akapitisha mkono. "Hii haihitaji kiberiti," alisema. Wakapatana kwamba mimi, kwa kuwa ni Mkatoliki na ningekwenda nyumbani Jumapili, nitalipitisha gauni Homa Bay asubuhi. Dani akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye utaniletea? Basi nitakupikia chapati." Alirudi kwake siku hiyo hiyo akiwa na moyo mweupe kabisa.

Ijumaa tulikuwa na magauni ya kwaya, thelathini na kitu, na stima ilipotea saa sita. Saa tisa mawingu yakaja kutoka upande wa Uriri, na saa kumi mvua ikapiga mabati. Ukijua mvua ya Migori unajua ninachosema. Unamwona mtu anafungua mdomo na husikii neno. Jua halikuonekana, kwa hiyo hatukujua Sabato iko umbali gani, na Mama Yunia alikuwa kwenye kibanda cha jikoni akipambana na nyoyo yake na moshi. Mara kwa mara alitoa kichwa na kupayuka, nami nilisoma midomo yake tu: "Nyar Kosele! Jua!" Gauni la mtoto nilikuwa nimeliacha la mwisho, nilipige kwa utulivu. Niliongeza makaa mapya, nikaipeperusha pasi mara tatu, nne, nikalowesha kidole. Tone likaanguka. Sikusikia kitu. Chumba kilikuwa na giza la mvua, na niliona tone likiteleza kutoka kwenye pasi, nikafikiri limeteleza tu kama maji yanavyoteleza. Na nitasema ukweli wote: kichwa changu hakikuwa Migori. Kilikuwa dukani kwangu, kwenye dirisha la kioo, na gauni lile dogo lilikuwa limesimama katikati ya dirisha, na watu wa Homa Bay walikuwa wamesimama nje wakilitazama. Nikaweka pasi kifuani mwa gauni.

Harufu ilikuja kabla ya mawazo. Karatasi. Daftari la shule likiungua. Nilinyanyua pasi na pale chini ya shingo palikuwa na alama ya ncha ya pasi, kubwa kama jani la mwarobaini, rangi ya chai ya maziwa.

Kitu cha kwanza nilichofanya si kulia. Nililikunja gauni, doa likiwa ndani, nikaliweka chini ya magauni ya kwaya. Mikono yangu ilifanya hivyo yenyewe, haraka, kama ilikuwa imezoea. Kisha Mama Yunia akaingia akikung'uta maji kichwani, akasimama. Akanusa. Akasogea karibu na sikio langu kwa sababu ya mvua.

"Achieng' anachoma karatasi?"

"Sijui, mama."

"Achieng' hachomi karatasi. Achieng' anachoma nywele."

Nikalitoa. Nilimpa nikiwa nimefumba macho, nikingoja anifukuze, maana hapo ndipo nilipolia. Nilipofumbua macho, alikuwa ameliinua doa kwenye mwanga wa mlango na analisugua pole pole kwa ukucha wake, akitazama kama kuna unga unatoka. Haukutoka. Alisugua tena. "Bado iko hai," alisema. Basi akaanza kukimbia, yule mama mpole, akatia sabuni ya kipande kwenye beseni, akakamua ndimu mbili, akalitumbukiza gauni, akaliminya kwa viganja bila kulisokota. Mvua ilikuwa ikipungua. Nje, upande wa magharibi, ukanda mwembamba wa rangi ya chungwa ulijitokeza chini ya wingu, na sote wawili tuliutazama kama watu wanaotazama saa ya ukutani.

"Likae kwa jua likiwa na maji," alisema. "Siku nzima. Ndiyo dawa iko."

"Lakini kesho ni Sabato, mama."

Akafikiri. Nakumbuka alifuta mikono kwenye leso kidole kimoja kimoja. "Tukiliweka kwa nyasi sasa, kabla jua liingie, sisi tumemaliza. Kesho kama jua likitaka kufanya kazi, hiyo ni shauri yake. Jua si Msabato."

"Hata mimi si Msabato, mama. Naweza kuliangalia, nigeuze, ninyunyize maji..."

"Wewe uko chini ya mabati yangu. Mikono yako itapumzika na yangu. Uniahidi."

Niliahidi. Tukalitandaza kwenye nyasi nyuma ya chumba, linachuruzika, kifua juu, na tulipomaliza kunyoosha mkono wa mwisho ule ukanda wa chungwa ukazimika. Usiku huo alisali kwa Kijaluo, na katikati ya maneno nilisikia "gauni".

Jumamosi jua lilitoka safi, limeoshwa. Mama Yunia alikwenda kanisani na kitabu chake cha nyimbo, mimi nikabaki nimekaa kwenye mtungi uliogeuzwa, nikilitazama doa kama mtu anayetazama mgonjwa. Nyasi zilikuwa na maji ya mvua bado, kwa hiyo gauni halikukauka upesi. Mpaka saa saba kila kitu kilikuwa sawa. Ndipo nikaona jambo ambalo jana jioni, bila jua, hatukuweza kuliona: kivuli cha ukuta wa saluni kilikuwa kinakuja. Kilipanda kwenye mkono wa kushoto. Kilipanda kwenye bega. Kulisogeza gauni hatua mbili tu ingetosha, na nilikuwa nimeahidi kutoligusa. Niliinuka nikakaa, nikainuka. Kisha nikaenda mbio kwa Achieng', ambaye Jumamosi ndiyo siku yake kubwa, nikamwomba kioo.

"Kioo gani?"

"Kile kikubwa. Nitarudisha."

"Unataka kujiona mzima leo? Kuna bwana?"

"Nataka kumulika gauni."

Wanawake wanne walitoka saluni nusu kichwa kimesukwa nusu kimesimama, wakanitazama nikikaa kwenye mtungi na kioo magotini, nikikiinamisha huku na huku mpaka mraba wa jua ukapaa ukutani, ukateremka kwenye nyasi, ukatua juu ya doa. "Uwi! Anafundisha jua kufua!" mmoja akasema. "Msichana, ukimaliza hapo uje umulike bwanangu, naye ana doa." Walicheka, lakini kila aliyesukwa akamaliza alikuja kunishikia kioo kwa dakika chache, mkono wangu ukapumzika. Achieng' mwenyewe alishika robo saa nzima, akilalamika kwamba wateja wake wanajitazama kwenye sufuria. Mikono yangu haikuligusa gauni. Hata leo naweza kuapa.

Jua lilipozama tulilichukua ndani, na Mama Yunia akawasha taa akalitazama. Chai ilikuwa imekuwa uji, uji mwepesi, kitu ambacho asiyejua asingekiona. Nilirukaruka. Yeye alicheka kidogo, kisha akanikalisha. "Sikiliza. Rangi imetoka, lakini zile nyuzi zimekuwa fupi. Hazitarudi. Itavumilia maji mara moja, mara mbili, mara tatu, halafu siku moja itaachia. Mwenyewe lazima ajue, asije akafikiri ni mtoto amelirarua. Kesho utamwambia kwa mdomo wako."

"Nitamwambia, mama."

Na nilikusudia. Nilifika kwa Dani Rosbela saa mbili asubuhi nikiwa na sentensi yangu tayari, nimeifanyia mazoezi njia nzima. Nyumba ilikuwa imejaa harufu ya unga ukikaangwa na watu waliokuwa wakitafutana viatu. Dani akalipokea gauni, akalipeleka dirishani, akaliinua kwenye mwanga kwa mikono miwili. Akalitazama kwa muda mrefu. Nikafungua mdomo. "Ero kamano, nyathina," akasema, ahsante, "bi ichiem," njoo ule. Akanikalisha mbele ya sahani ya chapati mbili na mchuzi wa kuku, akasimama juu yangu mpaka nikameza tonge la kwanza. Ile sentensi iliteremka na chapati. Halafu katekista akaja kuita, mtoto akavalishwa, na kanisani sikusikia neno hata moja. Niliangalia kifua cha mtoto tu. Padri alipomimina maji na kidogo yakadondoka shingoni, nilishika benchi. Hakikutokea kitu. Mtoto alipiga chafya, watu wakacheka, mimi nikaliachia benchi. Niliporudi Migori Mama Yunia aliuliza, akiwa amenipa mgongo, anapanga makaa: "Ulimwambia?" Nikasema, "Nilimwambia." Akasema, "Vizuri." Hilo neno "vizuri" ndilo limenikaa. Mwisho wa mwaka nilipomuaga, alinipa kile kibanio cha nywele, kwa sababu Achieng' alikuwa amekata tamaa ya kukidai, na nililia kwa sababu mbili, yeye akafikiri ni moja.

Kwa hiyo elewa nilivyokuwa nimesimama Jumamosi iliyopita, na sanamu uchi mkononi.

"Mtoto mwingine," Dani alisema akikaa. "Kesho. Huyu sasa ni wa mwisho, wamesema. Nimesikia una mashine za stima, lakini mimi nataka mkono wako."

"Dani," nikasema, na safari hii sikungoja chapati. "Ile gauni niliiunguza. Mwaka ule. Hapa, chini ya shingo. Nilikuja kukwambia nikashindwa."

Alifungua khanga pole pole, fundo moja, fundo la pili, akalitandaza gauni kwenye meza yangu. Chini ya shingo, mahali penyewe hasa, palikuwa na ua dogo lililodariziwa kwa uzi mweupe, petali tano, limekaa pale kama lilishonwa tangu mwanzo.

"Liliachia kwa mtoto wa tatu baada ya yule," alisema. "Nikaweka hiyo."

"Ulijua?"

"Nililiinua dirishani, si uliniona? Mimi nimekaa na fundi wa nguo miaka arubaini, nisijue alama ya pasi?"

"Mbona hukusema, Dani?"

"Ulikuwa umekauka midomo, mtoto wa wenyewe, umetoka Migori gizani. Ningesema, ungekula?" Akaanza kucheka, bega moja likipanda. "Halafu mimi ningekusema nini? Fungua huo upindo."

Nikaufungua kwa ncha ya sindano, nyuzi tatu nne tu. Ndani ya ule upindo mpana, ambao siku zote nilidhani ni mtindo, palikuwa na alama ya ncha ya pasi, kubwa kuliko yangu mara mbili, rangi ya turungi. Nilipoigusa ilimegeka ikabaki kwenye kidole changu kama unga wa kahawa. Picha ya nguo. Ule upindo ndio uliokuwa umeishikilia miaka yote.

"Marehemu," Dani alisema. "Siku aliyolimaliza. Alikuwa anaimba. Akakunja upindo akaficha, akaniambia ni mtindo wa Kizungu. Nililijua baada ya kumzika, nikafua nikaona. Niliketi chini nikamcheka peke yangu mpaka majirani wakaja kuniuliza kama ni kilio."

Tulicheka mpaka miwani yake ikaanguka na uzi wake. Sijui namna ya kueleza wepesi ule. Kama umewahi kubeba maji kichwani kutoka mbali na mtu akakupokea ndoo, shingo inapanda yenyewe, unahisi umekuwa mrefu. Alinywa soda, akanitania juu ya mwanamke wangu asiye na mkono, kumbe amegundua mara moja, akaondoka na fimbo yake akisema jioni atamtuma mtu.

Nilimpigia simu Mama Yunia. Ameacha kazi, yuko kwake Uriri, macho yamepungua. Simu ilikuwa imezimwa. Nikakumbuka ni Jumamosi, jua bado liko juu. Nikaandika ujumbe, aukute likizama: "Mama, Dani Rosbela nimemwambia. Ni leo ndiyo nimemwambia." Nikausoma mara mbili, nikautuma kabla mikono haijakunja kitu chochote.

Kisha nikachomoa pasi ukutani. Nililoweka gauni kwenye maji baridi, nikaliminya kati ya taulo mbili, nikalitandaza nyuma ya kibanda juu ya meza, nikinyoosha makunjo kwa viganja tu, mikono ile myembamba, ua, upindo niliokuwa nimeurudishia nyuzi zake. Pamba hii imeona moto wa kutosha. Nilikaa karibu. Saa nane jua lilizunguka pembe ya paa na kuanza kupanda kwenye mkono wa kushoto, nikainuka, nikalichukua gauni kwa mikono yangu mwenyewe, na nikalisogeza kivulini.